"Ni Mawazo Tu": Akili, Ubongo na Roho Tunavyovichanganya

Kaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika kituo chochote cha afya hapa Mwanza, iwe Igoma, Buzuruga au Nyamanoro, utege sikio. Mama mmoja anamweleza jirani yake kwamba binti yake kapimwa kila kitu na hana ugonjwa, "ni mawazo tu". Mzee aliye pembeni anamkumbuka kijana wa mtaani kwao ambaye malaria ilimpanda kichwani akawa anagombana na ukuta. Mama mwingine hakubali: yule alikuwa na mapepo, na dawa ya mapepo ni maombi. Kijana aliyeinamia simu naye anadakia kwamba siku hizi tusihangaike, akili mnemba inafikiri kuliko daktari.

Watu wanne, na kila mmoja ana nadharia yake ya falsafa ingawa haiiti hivyo. Wa kwanza anaamini kwamba kilicho akilini hakimo mwilini, kwa hiyo si ugonjwa. Wa pili anaamini akili huharibika pale mwili unapoharibika. Wa tatu anaamini mtu ana sehemu isiyo ya mwili, na sehemu hiyo inaweza kuvamiwa. Wa nne anaamini kufikiri ni kazi, na kazi hiyo inaweza kufanywa hata na chombo kisicho na damu. Kinachonigusa ni kwamba mtu yuleyule huweza kuzishika zote nne ndani ya wiki moja, kutegemea nani anaumwa nyumbani kwake.

Nasema inanigusa kwa sababu haya si mambo ya kupitishia muda kijiweni. Tunachoamini kuhusu akili ndicho kinachoamua mgonjwa apelekwe wapi, apelekwe lini, na aonewe huruma au asutwe. Tangu habari za afya ya akili zianze kuzungumzwa kila siku redioni na kwenye simu zetu, kwa jinsi ninavyosikia watu wakibishana, mkanganyiko umezidi. Nitakalolisimamia katika makala haya ni moja: kutegemea si kuwa. Kwamba akili inautegemea ubongo, hilo limethibitika. Kwamba akili ndiyo ubongo wenyewe, hilo ni dai jingine, kubwa zaidi, na bado linabishaniwa na watu makini. Ubishi mwingi wa vijiweni unatokana na kuyachukua madai hayo mawili kana kwamba ni moja.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini au figo. Wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, na pamoja na udogo wake unatumia takriban asilimia 20 ya nguvu inayotumiwa na mwili uliopumzika. Akili, kwa maana ya wanafalsafa, ni pana kuliko werevu wa darasani. Ni kufikiri, kukumbuka, kukusudia, kuogopa, kusikia maumivu, kuona wekundu wa nyanya. Fahamu ni ile hali ya kuwa macho na kuhisi kwamba kuna jambo linakupata. Ndiyo inayopotea mtu anapozimia. Roho ni neno la imani kwanza, likiwa na maana ya kile ambacho dini nyingi zinafundisha kwamba hakiishii kaburini. Mwanafalsafa anapoiulizia roho, swali lake huwa jembamba zaidi: je, kuna chochote katika mtu kinachoweza kuwepo bila mwili?

Yasiyo na ubishi

Ule msemo wa malaria kupanda kichwani una ukweli mzito ndani yake. Nilimshuhudia kijana mmoja pale Mwaloni, Kirumba, mpakiaji wa magunia ya dagaa. Alianza kwa kukaa chini akilalamika kichwa. Baadaye akasimama, akaanza kuyasalimia magunia, akamwita kaka yake aliyekwisha kufariki, akagombana naye kuhusu pesa. Macho yalikuwa wazi lakini hayatuoni. Mwili ulikuwa wa moto kiasi kwamba aliyemshika mkono aliuachia. Pakazuka ubishi palepale, huyu anasema mapepo, yule anasema hospitali, na mwisho wakafanya yote mawili: dereva akawasha bajaji, na mama mmoja muuza chai akapanda naye akimwombea njia nzima. Alipimwa vimelea, akapimwa sukari, akachomwa sindano ya artesunate, akalazwa. Siku chache baadaye alikuwa sokoni tena, amekonda, hakumbuki hata neno moja la ule ugomvi, akiuliza nani kamchukulia kandambili zake.

Kilichomtokea kinaelezeka. Kimelea cha Plasmodium falciparum huingia katika chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huanza kunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo. Damu haipiti vizuri, sukari inaweza kushuka, homa inapanda. Tazama basi kilichobadilika: aliyemwogopa, aliyemwamini kuwa yupo, alichokikumbuka na alichokisahau. Kimelea kisichoonekana kwa macho kilifika mpaka kwenye imani na hofu za mtu, na dawa ikavirudisha.

Mifano mingine ni mingi. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa kazi za reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mlipuko uliorusha nondo ya chuma ya zaidi ya mita moja, ikaingia chini ya shavu ikatokea utosini. Aliishi karibu miaka 12 baada ya hapo, lakini waliomfahamu walisema hakuwa tena yule Gage wao. (Habari zake zilikuja kutiwa chumvi nyingi, ushahidi mwingine unaonyesha alijirudi kiasi na akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi nchini Chile.) Aliyewahi kupewa nusu kaputi anajua kwamba dawa kiasi kidogo tu huzima fahamu yote, na mtu akiamka haoni hata kama muda umepita. Aliyewahi kukaa na mlevi wa gongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Mambo huenda kinyume chake pia. Aibu hupandisha damu usoni, habari mbaya huondoa hamu ya kula, wazo la ndimu iliyokatwa hujaza mate mdomoni. Mwaka 1978 watafiti wa California walichunguza watu waliong'olewa meno, wakawapa baadhi yao dawa isiyo na kitu. Wengine maumivu yakapungua kwa kuamini tu kwamba wamepewa dawa. Kisha watafiti wakawapa naloxone, dawa inayozuia kazi ya vitulizamaumivu vya aina ya mofini, na nafuu ile ikaondoka. Maana yake ni kwamba matumaini ya mgonjwa yalikuwa yameufanya mwili wake utengeneze vitulizo vyake wenyewe. Kuamini kulikuwa kumefanya kazi ya kemia.

Nahodha na boti

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia hitimisho: basi akili ni ubongo, habari imekwisha. Haijaisha. Anayeamini kwamba roho ni kitu mbali na mwili ana jibu, na ni jibu linaloeleweka vizuri na mtu wa ziwani. Injini ikizimika katikati ya Mwanza na Ukerewe, boti itakwenda mrama. Hilo halimaanishi kwamba nahodha amekufa, wala kwamba nahodha ndiye injini. Kuhitaji chombo kizima ili afike Nansio hakumfanyi yeye awe chombo. Vivyo hivyo, atasema, ubongo ukiharibika roho inakosa chombo cha kufanyia kazi, lakini yenyewe ipo palepale.

Mtazamo huu unaitwa uwili, kwa kuwa unasema mtu ni vitu viwili. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliutetea kwa kumfikiria mtu aliyeumbwa mkubwa ghafla akielea hewani, macho yamefumbwa, viungo havigusani, haoni wala hasikii chochote. Mtu huyo, alisema Ibn Sina, hatajua kama ana mikono au moyo, lakini atajua kwamba yupo. Karne sita baadaye, mwaka 1641, Mfaransa René Descartes alileta hoja ya jamaa hiyo: naweza kutilia shaka kwamba nina mwili, siwezi kutilia shaka kwamba ninafikiri, kwa hiyo mimi ninayefikiri si mwili. Mimi hoja hizi hazinishawishi. Zinaonyesha ninavyojifahamu, na ninavyojifahamu si lazima kuwe ndivyo nilivyo. Mtu anaweza kuishi miaka yote bila kujua kwamba ana wengu, na bado analo.

Cha kuvutia ni kwamba Descartes mwenyewe aliuona ufa katika mfano wa nahodha. Nahodha hujua boti imetoboka kwa kuangalia: anaona maji yanaingia, anatafuta penyewe. Wewe ukivunjika mguu hupokei taarifa kwamba mguu una hitilafu. Unauma. Umechanganyika na mwili wako kwa namna ambayo nahodha hajachanganyika na mbao. Aliandika pia kuhusu watu waliokatwa kiungo na bado wakasikia maumivu pale ambapo kiungo hakipo, jambo ambalo wengi waliopoteza mguu kwenye ajali za bodaboda wanaweza kulisimulia. Maumivu yako wapi basi, ikiwa mguu umeshazikwa?

Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, alimwandikia Descartes barua yenye swali ambalo hakuwahi kulijibu vya kutosha. Kitu husukuma kingine kwa kukigusa. Roho yako, kama unavyosema, haina ukubwa wala umbo wala mahali. Itaugusaje mwili ili mkono uinuke? Descartes alikuja kuitaja tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo kuwa ndipo roho na mwili vinapokutana. Leo tunajua tezi hiyo hutoa melatonini, homoni inayohusika na usingizi, na hata bila kujua hilo swali la Elisabeth lingebaki palepale: kutaja mahali pa kukutania hakuelezi namna ya kugusana.

Hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kijana wa Mwaloni. Kama yeye alikuwa nahodha mwenye chombo kibovu, tungetegemea ndani yake awe timamu huku mwili tu ukikataa amri. Haikuwa hivyo. Aliyeogopa ni yeye. Aliyeamini kaka yake yupo ni yeye. Kimelea kilimfikia nahodha mwenyewe. Mtu wa uwili anaweza kuujenga upya mtazamo wake ulibebe jambo hili, na wapo waliofanya hivyo kwa ustadi, lakini ule mfano mwepesi wa boti hauwezi kulibeba.

Katika ubishi huu kuna Mwafrika ambaye nasikitika kwamba mashuleni hatufundishwi habari zake. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu mwaka 1703 huko Axim, Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, akasoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Mwaka 1734, pale Wittenberg, alitetea tasnifu iliyosema kwamba akili haisikii maumivu wala joto. Kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Aliukubali uwili, lakini alimbana Descartes kwamba anasema akili ni kitu kisicho cha mwili na papo hapo anaipa hisia, ambazo ni mali ya mwili. Alikuwa ameushika ule uzi ambao Elisabeth aliushika.

Radi juu ya ziwa

Upande wa pili wapo wanaosema hakuna vitu viwili. Mwaka 1956 mwanafalsafa Mwingereza U. T. Place, na miaka mitatu baadaye J. J. C. Smart aliyekuwa Australia, waliandika kwamba fahamu ni shughuli ya ubongo kwa maana ileile ambayo radi ni mkondo wa umeme angani. Sisi tunaoishi kando ya ziwa lenye ngurumo nyingi kama letu tunaweza kuufuata mfano huo vizuri. Watu waliziona radi na kuziogopa vizazi na vizazi bila kujua ni umeme. Umeme ulipojulikana haikugunduliwa kwamba radi husababishwa na umeme kama kitu kando yake. Radi ndiyo umeme wenyewe unaopita. Basi, wakasema, siku moja tutajua maumivu ni mwenendo gani wa seli za neva, na hapatabaki kitu kingine cha kutafuta.

Nguvu ya mtazamo huu ni kwamba swali la Elisabeth linaondoka: mwili unausukuma mwili, hakuna ajabu. Na unaendana na yote niliyoyataja kuhusu malaria na nusu kaputi. Lakini kumbuka kwamba kuendana si kuthibitisha. Ushahidi uleule unaendana pia na uwili uliojengwa vizuri. Ndiyo maana anayesema "sayansi imeshathibitisha hakuna roho" anadai zaidi ya kile sayansi ilichopima, sawa na anayesema kinyume chake.

Ugumu wenyewe uko wapi? Mwangalie mama anayeparua sato. Kisu kinakwenda dhidi ya magamba, mkono wa kushoto umebana kichwa, samaki anateleza, na mwiba wa mgongoni unamwingia kwenye kidole gumba. Kabla hajapiga kelele mkono umekwisha kujivuta, maana amri ya kuuvuta imetoka kwenye uti wa mgongo bila kuusubiri ubongo. Kisha maumivu yanafika kwa awamu mbili. Kwanza mchomo mkali, ulioletwa na neva zinazosafirisha taarifa kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Halafu yanafuata maumivu mazito ya kuunguza, yenye kutambaa, yaliyoletwa na neva nyembamba ambazo kasi yake haizidi mita 2 kwa sekunde. Mama ananyonya kidole, anatikisa mkono, anaendelea na samaki mwingine kwa sababu mteja anasubiri.

Mtaalamu wa neva anaweza kukueleza kila hatua: milango gani ya seli ilifunguka, chumvi gani ziliingia, sehemu gani za ubongo ziliongeza kazi. Akimaliza, bado unaweza kumuuliza: sawa, lakini kwa nini kunauma? Kwa nini taarifa zote hizo zisipite kimyakimya, mkono ukajivuta, kidonda kikatunzwa, bila yeyote kusikia kitu? Kwa radi hatuulizi hivyo. Ukishaelewa umeme, umeielewa radi yote. Kwa maumivu inaonekana tumebakiza jambo, na jambo lenyewe ndilo hasa tulilotaka kueleza. Mwaka 1974 Mmarekani Thomas Nagel alitumia popo kulisema hili: tunaweza kujua namna popo anavyotafuta wadudu kwa mwangwi wa sauti yake, tukapima yote, na tusijue inakuwaje kuwa popo. Mwaka 1995 David Chalmers, Mwaustralia, aliliita tatizo gumu, akilitofautisha na matatizo ambayo maabara zinaendelea kuyatatua kila mwaka.

Iko njia ya tatu, na huwa inasahauliwa ingawa ni ya zamani kuliko zote nilizotaja. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa kale, alisema kama jicho lingekuwa mnyama kamili, basi kuona ndiko kungekuwa roho yake. Kwa maneno mengine, roho si mgeni aliyepanga ndani ya mwili, wala si kipande cha mwili. Ni ule uhai na uwezo unaoufanya mwili uwe mwili wa mtu. Thomas Aquinas aliupokea mtazamo huo katika karne ya 13, akiongeza kwamba roho ya binadamu yaweza kubaki baada ya kifo, ila ikiwa na upungufu mpaka mwili ufufuliwe. Nalitaja hili kwa wasomaji Wakristo wanaodhani kwamba imani yao inawalazimisha kumwona mtu kama nahodha ndani ya boti. Mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa hakumwona hivyo. Karibu na siku zetu, mwanafalsafa Mghana Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, alieleza kwamba katika fikra za Waakan, jamii ya huko Ghana, akili haihesabiwi kabisa kati ya vitu vinavyounda mtu. Ni uwezo wa kufikiri; na uwezo hauulizwi unakaa chumba gani.

Kurudi kwenye benchi la wagonjwa

"Ni mawazo tu" ni sentensi yenye makosa mawili kwa pamoja. Inadhani kilicho cha mawazo hakigusi mwili, na inadhani kisicho cha mwili si cha kweli. Mwenye sonona hulala vibaya au hulala kupita kiasi, chakula humshinda, mwili humlemea, na hatari ya kujiua ni ya kweli. Uwe mtu wa uwili, uwe mtu wa maada anayesema akili ni ubongo tu, hakuna mtazamo wa falsafa unaokuruhusu kumwambia mtu huyo ajikaze arudi kazini.

Lakini lipo kosa la upande mwingine, na watu waliosoma kidogo ndio wanaolipenda: "ni kemikali tu za ubongo". Mchukue mvuvi aliyekopa kununua nyavu, dhoruba ikazichukua, mkopeshaji anamfuata mpaka nyumbani. Huzuni yake imo kwenye ubongo, hakika, maana huzuni itakaa wapi kwingine? Hata hivyo sababu yake iko kwenye deni, na kumpa vidonge bila kumsikiliza habari ya deni ni kumtibu nusu. Ikiwa jambo linautegemea ubongo, haifuati kwamba linaanzia kwenye ubongo wala kwamba lazima litibiwe kupitia ubongo pekee. Mazungumzo na mshauri nasaha hubadilisha ubongo pia.

Habari ya mapepo inanipa uchungu zaidi kwa sababu ya kifafa. Bado wapo wanaoamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, kwa hiyo mtu akianguka kwenye moto wa kupikia au kwenye maji ya ziwa, waliokaribu wanarudi nyuma. Povu ni mate. Haliambukizi chochote. Kifafa ni shoti ya umeme wa seli za ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi, zikiwemo za bei nafuu kama phenobarbital. Anayetaka kumwombea mgonjwa aombe. Yule mama wa Mwaloni aliomba ndani ya bajaji iendayo hospitali, na wala hapakuwa na mgongano. Ibn Sina, aliyeamini kwa nguvu zote kwamba roho si mwili, alikuwa pia tabibu, na kitabu chake cha utabibu kilifundishwa Ulaya kwa karne nyingi. Hakuwahi kuona kwamba kuamini roho kunamzuia kutoa dawa.

Na ile habari kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Si kweli. Vipimo vinaonyesha sehemu zote zinafanya kazi, na jeraha karibu sehemu yoyote lina madhara yake. Anayeuza semina za kufungua asilimia 90 iliyobaki anauza hewa.

Nimemwacha kijana wa akili mnemba mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza swali jipya. Kuanzia miaka ya 1960 Mmarekani Hilary Putnam na wenzake walisema tusiangalie akili imetengenezwa kwa kitu gani, tuangalie inafanya kazi gani. Pweza ana ubongo tofauti kabisa na wetu, zaidi ya nusu ya seli zake za neva zimo mikononi, na bado tukimwona anajikunyata akiumizwa hatuoni ajabu kusema anasikia maumivu. Basi kama pweza anaweza bila ubongo wetu, kwa nini mashine isiweze? Mwaka 1980 mwanafalsafa Mmarekani John Searle alipinga. Mfungie chumbani mtu asiyejua Kichina, alisema, mpe kitabu cha kanuni kinachomwonyesha alama gani ajibu kwa alama gani. Walio nje watadhani anajua Kichina, na yeye haelewi hata neno.

Kwa hiyo programu inayokuandikia barua nzuri ya maombi ya kazi haijathibitisha kwamba inaelewa, sembuse kwamba kuna chochote inachosikia. Wala kukosa damu na nyama peke yake hakuthibitishi kwamba haiwezi. Hatuwezi kuamua kwa uhakika, kwa sababu hatujui ni kitu gani hasa katika ubongo wetu kinachofanya kuwe na kuhisi, na bila kukijua hatujui tukitafute wapi ndani ya mashine.

Hata waliobobea wamekiri hivyo hadharani. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu katika ubongo itakuwa imepatikana waziwazi. Kwamba fahamu inautegemea ubongo halikuwa jambo walilobishania. Wote wawili walilikubali. Walikutana New York Juni 2023, na Koch akakubali kwamba ameshindwa, akamkabidhi mwenzake mvinyo waliopatana. Palepale akaweka dau jingine la miaka 25. Watakapokutana tena mwaka 2048, Koch atakuwa na miaka 91 na Chalmers 82, na Chalmers alisema anatumaini safari hii atashindwa yeye.